Mwaliko uende kwa aliyeshinda, si kwa anayejulikana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Nina meza mbili za pool hapa Magomeni, Mtwara, chini ya mwembe, na ndizo zinazosomesha wanangu. Naandika kwa ajili ya kijana mmoja wa Msangamkuu aliyeachwa nje ya bonanza la mwaliko lililofanyika hapa mjini msimu wa korosho uliopita.

Kijana huyu anavuka na kivuko kila Jumamosi. Hana fimbo yake. Anachukua ya kwangu, ile yenye mshiko uliozungushiwa nailoni, anaibingirisha mezani kuona kama imepinda, kisha anapaka chaki taratibu mpaka ncha yote iwe ya bluu. Akikosa, haangalii watu. Anaangalia pale mpira mweupe uliposimama, anarudi kwenye benchi. Kwangu kila gemu ya Jumamosi inaandikwa kwenye daftari: jina kushoto, jina kulia, tiki kwa aliyeshinda. Kuna kurasa nne mfululizo ambazo jina lake halijakosa tiki.

Bonanza lilipotangazwa nilijua ataitwa. Hakuitwa. Nilimfuata mwandaaji na daftari mkononi, akanijibu, "Mzee, hili ni la mwaliko, tunawapigia simu tunaowajua." Daftari hakulifungua. Siku yenyewe nilikwenda kuangalia. Mmoja wa walioalikwa alitumbukiza mpira mweupe, ambalo ni kosa, mara tatu katika gemu moja, na kijana wangu alikuwa amesimama nyuma ya kamba, nauli ya kivuko mfukoni.

Neno hilo la mwaliko ndilo limenifanya nishike kalamu, kwa sababu nimelisikia likitumika vibaya. Mashindano makubwa kuliko yote ya mwaliko katika snuka, mchezo wa fimbo na mipira ulio ndugu wa pool, ni Masters, yaliyoanza London mwaka 1975, na miaka ya karibuni ukumbi wake ni Alexandra Palace. Wanaalikwa wachezaji 16 tu. Lakini wale 16 hawachaguliwi na mtu aliyekaa na simu. Ni 16 wa juu kwenye orodha ya dunia, na orodha hiyo inatokana na fedha za zawadi ambazo kila mmoja amevuna kwenye mashindano mengine kwa miaka miwili. Masters yenyewe haimwongezei mtu chochote kwenye orodha. Ukialikwa, ujue umeshalipia kiti chako kwa jasho mahali pengine.

Angalia yaliyotokea Januari 2025. Ronnie O'Sullivan, aliyeshinda Masters mara 8 na aliyekuwa anashikilia ubingwa, alijitoa kwa sababu za kiafya. Kiti cha mtu mkubwa namna hiyo kikabaki wazi. Hapa kwetu simu zingeanza kupigwa usiku uleule. Kule walitazama orodha, wakamchukua aliyefuata, Neil Robertson wa Australia. Basi.

Mwaka huo bingwa alikuwa Shaun Murphy, aliyemfunga Kyren Wilson 10-7 kwenye fainali. Mwanangu alinionyesha kwenye simu nusu fainali yake na Mark Allen, na sehemu moja nimeirudia mpaka bando likaisha. Murphy alipiga 147, yaani pointi nyingi zaidi unazoweza kuzipata kwa kuingiza mipira yote kwa zamu moja. Kwa wasioujua mchezo: mezani kuna mipira 15 myekundu yenye pointi moja kila mmoja, na mipira sita ya rangi. Ukiingiza mwekundu unaruhusiwa kulenga wa rangi, na wenye pointi nyingi ni mweusi, pointi 7. Murphy aliingiza mwekundu, mweusi, mwekundu, mweusi, mara 15, kisha akamaliza rangi zote kwa mpangilio wake, bila kukosa hata mara moja. Meza yenyewe ina urefu wa futi 12. Matundu yake ni membamba, ukigusa kona kidogo mpira unakutapika. Muda wote huo Allen alikuwa amekaa kwenye kiti chake, na yeye mwenyewe alikuwa amepiga 147 kwenye mashindano hayohayo mwaka mmoja kabla. Watu wa namna hiyo ndio wanaokutana pale mwaliko unapofuata orodha, na ndiyo maana hata aliyeshindwa anaondoka na heshima yake.

Sidai meza ya futi 12 iletwe Mtwara. Nadai kitu ambacho hakina gharama. Wenye meza wa Magomeni, Chikongola, Shangani na Mikindani tuandike matokeo kila wiki, tuyabandike ukutani yaonekane, na msimu ujao mwandaaji atakayetaka watu 8 awachukue 8 wa juu. Mmoja akiugua, aitwe wa tisa, hata kama hakuna anayemfahamu. Nawe Mhariri, ukitutengea kona ndogo kwenye kurasa za michezo, nitaleta matokeo yetu mwenyewe kila Jumatatu.

Kijana bado anakuja. Jumamosi iliyopita kivuko kilichelewa, akafika jua limeshapoa, akacheza gemu mbili tu na kushinda zote. Nimeziandika. Daftari liko juu ya friji ya soda, na mwandaaji yeyote anayelitaka aje alifungue.

Mwenye meza,
Magomeni, Mtwara