Lincoln yangu hulala chini usiku: nitengeneze, nibadilishe springi au niuze?

Mhariri na wasomaji wenzangu, asalaam aleikum.

Mimi ni mtu wa Mombasa, naishi Columbus, Ohio, na kuna gari limetugawa nyumbani. Ni Lincoln Town Car ya 2008. Niliinunua kwa familia ya mzee mmoja aliyeacha kuendesha, ikiwa na maili 71,000. Viti vya ngozi havikuwa na mkwaruzo, na risiti zote za kubadilisha oili zilikuwa ndani. Kwa pesa ile, Camry ya mwaka huohuo ningepata iliyochoka.

Tuna watoto wanne. Kiti cha mbele ni benchi na gia iko kwenye usukani, basi sote sita tunaenea. Cadillac DeVille nilizitazama nikaziacha: injini za Northstar za miaka ya 90 zina sifa ya bolti za silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) kung'oka na nyuzi zake kwenye bloku ya alumini, na kazi hiyo mafundi wengi huifanya injini ikiwa imeshushwa. Town Car ni mambo ya kizamani: chesisi peke yake, bodi juu yake, V8 ya lita 4.6, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Imeacha kuundwa tangu 2011, lakini ni ndugu wa Crown Victoria za polisi na teksi, kwa hiyo spea si taabu.

Sasa shida yenyewe. Tangu baridi ianze, nikitoka alfajiri nakuta nyuma kumeketi, bodi imefunika nusu ya tairi. Nikiwasha, kompresa, yaani pampu ya hewa, inanguruma na buti linapanda polepole. Huko nyuma hakuna springi za chuma, kuna mifuko miwili ya mpira inayojazwa hewa. Fundi wa kwanza alinyunyiza maji ya sabuni, na mapovu yakafumka kwenye mikunjo ya mfuko wa kushoto. Mpira umezeeka tu. Akasema nibadilishe yote miwili upesi, maana kompresa isiyopumzika itaungua, nami nitalipa mara mbili. Kwa sasa, gari likilala siku nzima, nazima swichi ya mfumo huo wa hewa iliyo ndani ya buti.

Fundi wa pili akacheka. Ng'oa mambo ya hewa, akasema, weka springi za chuma kama za Crown Victoria, usahau. Ni rahisi zaidi, kweli. Lakini raha ya gari hili ni mwendo wake. Kwenye mashimo hupita kama jahazi lenye upepo mzuri. Tena mara nyingi nabeba wazee na masanduku yao kwenda uwanja wa ndege, na springi hazitainua nyuma mzigo ukizidi kama mifuko inavyofanya.

Fundi huyohuyo alipiga chesisi kwa nyundo, magamba ya kutu yakamwagika sakafuni. Chumvi ya barabarani hii! Mabomba ya breki nayo yameanza kuvimba kutu.

Hapo mama watoto akapata hoja. "Baba watoto, theluji ikianguka nyuma yateleza, mjini galoni moja ni maili 16, na mtoto akaaye katikati mbele ana mkanda wa kiunoni tu. Uza tununue Sienna, ile minivan ya Toyota." Hilo la mkanda sina jibu lake. Lakini Sienna za uwezo wetu nilizoziona zote zimepita maili 180,000.

Kaka yangu naye ang'ang'ania nimpelekee Mombasa alikodishe kwa maharusi. Nimemweleza Kenya haipokei usukani wa kushoto wala gari lililopita miaka 8. Hasikii, ashachagua na rangi ya maua.

Nauliza hivi: aliyewahi kutoa mifuko akaweka springi, mwendo ulibadilika kiasi gani, na taa ya onyo ya mfumo wa hewa kwenye dashibodi aliizimaje? Nitajuaje kama kutu imekula chesisi au ni ya juujuu? Na kama pesa ni ya kazi moja tu mwezi huu, nianze na mabomba ya breki, au niuze kabla sijaongeza hata senti?

Mama watoto atasoma majibu, kwa hiyo msinipendelee.

Baba wa Wanne,
Columbus, Ohio