Tunapulizia nano, nani alituuliza?

Ndugu Mhariri, naomba nafasi nitoe dukuduku langu, najua kuna habari kubwa za siasa ila hili nalo linahusu mapafu ya watu.

Mi ni fundi rangi wa magari hapa Dar. Siku hizi mteja akileta gari haishii kwenye rangi, anataka apigiwe na "nano", dawa ya juu ya rangi inayosemwa ina chembe ndogo mno, bodi ing'ae na maji yateleze. Kopo linakuja na Kichina kingi na Kiingereza kidogo na picha ya gari basi. Mwaka jana kijana wangu alipulizia kutwa nzima chumbani tumefunga milango vumbi lisiingie, jioni anakohoa mpaka anashika ukuta. Sisemi ni nano iliyomfanya vile, inaweza kuwa tina au vumbi la msasa, lakini nilipoenda kumuuliza aliyetuuzia ndani mna nini akasema "hiyo teknolojia mpya fundi, haina shida". Hilo jibu ndo limenifanya niandike.

Nanomita ni mita moja ukiigawa mara bilioni. Kitu kikiwa kidogo hivyo tabia yake inaweza kubadilika hata kama jina ni lilelile. Chukua titani dioksaidi, ule unga mweupe wa kwenye rangi. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, mwaka 2011 walipendekeza mfanyakazi asivute zaidi ya miligramu 2.4 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, ila ule laini kabisa wakasema 0.3 tu. Yaani unga uleule, kiwango kinashuka mara 8! Sasa mi nitajuaje kwenye kopo langu upo upi?

Halafu kuna nanotyubu za kaboni, yaani vijibomba vidogo mno vya kaboni, hizi zinatiwa kwenye betri na plastiki. Mwaka 2008 watafiti wa Edinburgh walionyesha kwamba zile ndefu, zikiingizwa kwenye mwili wa panya, zinaleta madhara yanayofanana na ya asbestosi, na 2014 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya WHO, ikaiweka aina mojawapo kwenye orodha ya vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Asbestosi tunaijua, mapaa yake mengine bado yapo. Kule Afrika Kusini daktari Wagner na wenzake waliandika mwaka 1960 kuhusu saratani ya utando wa mapafu kwa watu wa maeneo ya migodi ya asbestosi ya Northern Cape, na nchi ile ikaja kuipiga marufuku 2008. Miaka 48! Na ugonjwa wenyewe unaweza kukaa miaka 20, 40 ndo utokee, wakati huo bosi kashafunga kampuni na wewe kikohozi unacho.

Ukishiriki majaribio ya dawa unaelezwa, unaweka saini, na una haki ya kujitoa, na haki ya kuelezwa na kujitoa imeandikwa tangu kanuni za Nuremberg mwaka 1947, zilizotoka kwenye kesi ya madaktari wa Hitler. Kijana wa gereji naye ni kama anajaribiwa tu, tofauti ni kwamba hakuna aliyemwambia. Na hata angeambiwa, akikataa kuna wenzake watano wamekaa getini wanasubiri hiyo nafasi, ridhaa gani hiyo ya mtu mwenye njaa? Ndo maana saini peke yake haitoshi, lazima awepo mkaguzi ambaye halipwi na muuzaji.

Wala siipingi nano. Dk. Askwar Hilonga wa Arusha kachujia watu maji kwa hiyo hiyo nano na mwaka 2015 akapata tuzo ya uhandisi ya Afrika, nilifurahi sana. Ila Ufaransa tangu 2013 anayetengeneza au kuingiza vitu vya nano lazima atoe taarifa serikalini kila mwaka, na Ulaya kipodozi chenye nano kinaandikwa "nano" kwenye orodha ya viungo. Naomba TBS wa viwango na OSHA wetu wa usalama kazini wafanye hivyo kwetu, maelezo yawe Kiswahili, na aliyefanya kazi na vitu hivi kumbukumbu zake zitunzwe miaka 40 maana ndo muda ugonjwa unaoweza kuchukua.

Kijana yuko kazini, nimemnunulia barakoa yenye filta. Juzi wameleta kopo jingine. Nimeliweka juu ya kabati, halifunguliwi mpaka mtu anisomee lina nini ndani.

Fundi rangi,
Dar es Salaam