Maji ya Ngwala yapimwe kabla ya mgodi kuanza

Mhariri,

Nilifanya kazi mwaloni, yaani mahali pa kuoshea dhahabu, miaka 11 hapa Makongolosi, Chunya. Unga wa mawe ukitoka karashani, kwenye mashine ya kusaga, nauosha, namwagia zebaki inayonasa dhahabu, nasugua kwa viganja vitupu, kisha naichoma dhahabu kwenye jiko la mkaa lile lile nililopikia wanangu ugali jioni. Maji machafu yalishuka kijitoni. Mbuzi wa jirani yangu walipoanza kufa, tulimfuata mwenye mwalo. Akatuuliza: "Mna kipimo cha maji cha kabla sijaja?" Hatukuwa nacho, na shauri likaishia pale.

Ndiyo maana naandika kuhusu Ngwala, wilaya jirani ya Songwe. Kule kuna madini adimu, neodimiamu na praseodimiamu, ya kutengenezea sumaku za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Mkataba wa kuyachimba ulisainiwa Chamwino Aprili 2023, na Serikali ina hisa asilimia 16. Siupingi mgodi huo, vijana wetu wanahitaji kazi. Lakini madini haya mara nyingi huchimbuliwa pamoja na thoriamu, yenye mionzi. Madini yenyewe yatakwenda ng'ambo, mabaki yatabaki kwetu kwenye bwawa la topesumu, lile tope linalobaki madini yakishatolewa.

Na mabwawa hupasuka. Mwadui, kwenye mgodi wa almasi Shinyanga, Novemba 2022, tope lilifunika mashamba. Chambishi, Zambia, Februari 2025, tindikali ya mgodi wa shaba iliingia Mto Kafue, na wakazi wa Kitwe wakakatiwa maji. Shaba ya Zambia naiona juu ya malori pale Mafiati kila nikishuka Mbeya, na siku hizi siwezi kuitazama bila kuwafikiria watu wa Kitwe.

Ripoti ya mazingira ipo, najua, ila anayemlipa mtaalamu wa kuiandika ni mwekezaji. Naiomba Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Rukwa, iliyopo hapo Mbeya, ichote yenyewe maji ya visima na vijito vya Ngwala, masika na kiangazi, kabla mabaki ya kwanza hayajamwagwa. Matokeo yasomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano wa kijiji. Nakala moja ibandikwe kwa mtendaji, nyingine akabidhiwe mwanakijiji atakayechaguliwa na wenzake, maana karatasi za ofisini hupotea. Kisha wapime tena kila baada ya miezi 6, kwenye visima vile vile.

Akina mama wa Ngwala wakiniita nikawaeleze habari za zebaki, nitakwenda. Nauli nitajilipia.

Mama Atu,
Makongolosi, Chunya