Nyimbo za Alhamisi

Mpwapwa, Jumapili jioni

Nyemo mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako. Sisi hatujambo, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Uliponipigia jana kuniambia mmepata kupiga jazz Alhamisi kwenye ile baa ya Area C, Dodoma, sikuweza kusema mengi. Simu ilikuwa inaisha chaji, na furaha nayo ilinibana koo. Leo nimekaa mezani na ile orodha ya nyimbo 18 uliyonisomea. Mama, ni nyingi mno, na nusu yake ni ngumu mno kwa watu wanne mlioanza kufanya mazoezi pamoja juzi juzi tu.

Tupige hesabu kwanza. Meneja anataka seti mbili za dakika 45. Wimbo wa vipimo 32, kila kipimo mapigo manne, mkiupiga kwa mapigo 120 kwa dakika, mzunguko mmoja, yaani kuupitia wote mara moja, unakula sekunde 64. Melodi mzunguko mmoja, solo yako, zamu yako ya kubuni papo hapo, mizunguko miwili, gitaa miwili, besi miwili, kisha melodi tena: hiyo ni mizunguko minane, dakika nane na nusu. Nyimbo tano zimekwisha kujaza seti. Kwa hiyo unahitaji nyimbo kumi, na hata nane zinatosha, maana bluzi ya kufungulia, nitakayokutajia, mnaweza kufungia seti zote mbili.

Sasa, nyimbo zipi? Mimi nakuomba uchague kwa kigezo kimoja tu: je, ukipotea katikati ya solo, unajua njia ya kurudi? Karatasi haitakusaidia, kwa sababu taa za baa ni hafifu, na jicho likiwa kwenye karatasi sikio linalala.

Najua ninachosema. Mwaka 1984 nilikuwa kijana wa gitaa la rithimu kwenye bendi moja ya dansi Morogoro. Usiku wangu wa kwanza nilipewa wimbo ambao kodi zake, yale makundi ya noti zinazopigwa pamoja, zilibadilika kila baada ya mapigo mawili. Nilikuwa nimeukariri chumbani peke yangu wiki nzima, sikuwahi kuupiga na mpiga drams. Akauanza kwa kasi kuliko nilivyozoea. Kufikia ubeti wa pili sikujua tena tuko wapi, nikawa napiga kodi zisizohusiana na mwimbaji, na watu waliokuwa wanacheza wakasimama. Mpaka leo naiona ile sakafu. Sitaki uione yako.

Anza na C Jam Blues ya Duke Ellington, ya mwaka 1942. Melodi yake yote ina noti mbili tu, so na do. Wewe uliyekulia kwenye kwaya ya sol-fa unaweza kuiimba hata usingizini. Ni bluzi ya vipimo 12, njia fupi, na mpiga besi akiteleza mtakutana upya baada ya sekunde chache. Msiikimbize. Ipigeni kwa mwendo wa mtu anayetoka kazini, hajachelewa popote. Gitaa atakuwa kwenye C, wewe kwenye A, kwa sababu saksafoni yako ni alto, ukipiga A inasikika C. Hizi tofauti za kii, yaani noti ya nyumbani ya wimbo kwa kila chombo, andika wewe mwenyewe leo, karatasi moja kwa kila mtu, msije mkaanza kubishana mbele ya wateja.

Ya pili iwe Blue Bossa ya Kenny Dorham, ile ambayo Joe Henderson aliirekodi mwaka 1963. Vipimo 16 tu. Kwako ni A maina, na mstari wa tatu unapanda kwenda B fleti meja kisha unarudi nyumbani. Mkijua huo mstari wa tatu mmejua wimbo mzima. Nina sababu nyingine ya kuiweka hapo mapema. Watu wa kwetu wakisikia neno jazz wanakumbuka Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Dar es Salaam Jazz, na zote hizo zilikuwa bendi za dansi. Mteja atakuja akitarajia kutikisa bega. Mdundo wa bossa, ule wa Kibrazili, utampa hilo bila ninyi kujilazimisha, na mpiga drams wenu aliyezoea rumba atajisikia yuko kwao.

Kuhusu So What ya Miles Davis, ya mwaka 1959, hapa nataka unisikilize kwa makini, kwa sababu umeiweka mwisho na mimi naona ndiyo wimbo wako. Wenzako watakwambia ni rahisi kwa kuwa ina kodi mbili tu. Ni kweli, na hapo hapo ndipo ilipo hatari yake. Vipimo nane, tena nane vilevile, nane vinavyopanda nusu sauti, halafu nane vya mwanzo. Ukiunganisha mwisho wa mzunguko mmoja na mwanzo wa unaofuata, unapata vipimo 24 mfululizo ambavyo havibadiliki hata kidogo. Ndipo watu wanapopotea. Mwambie mpiga drams apige simbali kubwa kila mzunguko unapoanza, na wewe uhesabu nane nane kwa kidole cha mguu ndani ya kiatu.

Lakini ndani ya hivyo vipimo 24 kuna nafasi ambayo mtoto wa Kigogo hapaswi kuiogopa. Babu yako alipopiga zeze pale uani hakuwa na kodi za kubadilisha. Sauti ya chini ilikaa palepale, na yeye akawa anaizunguka, anaondoka, anarudi, anaigusa tena. Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wetu wa Kigogo, alizunguka dunia na zeze na ilimba, kinanda cha vidole gumba, kwa namna hiyo hiyo. Solo yako ikifika, usitafute noti nyingi. Chukua kile kipande ambacho bibi alikuwa anakiimba akitwanga, kipige polepole, kirudie, kisha kigeuze kidogo. Nimekusikia ukikipiga jikoni ukidhani nimelala.

Autumn Leaves ibaki. Joseph Kosma aliitunga Ufaransa mwaka 1945, inahusu majani yanayopukutika, na mtu aliyeona mibuyu ya huku ikibaki mitupu wakati wa kiangazi haelezwi zaidi. Wewe uko E maina, gitaa G maina. Summertime pia ibaki. Zile za kasi, zenye kodi mpya kila pigo la pili, zitoe zote. Zitakusubiri mwakani.

Na ridi zako, vile vipande vya tete vya mdomo wa saksafoni! Upepo wa Dodoma mwezi huu unakausha kila kitu, ridi inajipinda ukiwa unaongea na watu tu. Iweke mdomoni robo saa kabla, na uwe na nyingine mbili tayari kwenye glasi ya maji. Mwombe meneja pia azime sauti ya runinga wakati mnapiga, picha iendelee. Mwombe kwa adabu, mapema, kabla watu hawajajaa.

Nitapanda basi la asubuhi Alhamisi. Mama yako anasema nisikae mbele, nitakutia wasiwasi, kwa hiyo nitakaa meza ya nyuma karibu na jiko la nyama. Ikifika So What nitakuwa nahesabu na wewe. Ukinitazama, kila mzunguko unapoanza utaona nimeweka kiganja juu ya meza.

Baba yako