Barua ya malalamiko: seti ya gofu ya mtumba niliyouziwa kama "ya mwanafunzi"

Mbezi Beach,
Dar es Salaam.
3 Machi 2025

Meneja,
Duka la Vifaa vya Michezo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: FIMBO ZA GOFU ZISIZOLINGANA NA MAELEZO YENU, NA MADAI YA KURUDISHIWA SH 850,000

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mwezi Januari nilinunua kwenu seti ya fimbo za gofu za mtumba pamoja na mfuko wake kwa Sh 850,000, nikalipa kwa simu. Malalamiko yangu nimeshayafikisha kwa kijana wenu wa mauzo, dukani na kwa WhatsApp. Jibu lake la mwisho lilikuwa, "Dada, mtumba ni mtumba." Ndiyo maana sasa nakuandikia wewe.

Sina ugomvi na mtumba. Mji huu tunavaa mtumba, tunakalia mtumba na tunaendesha mtumba, na kwa mtu anayeanza gofu huo ndio uamuzi wa busara: fimbo ikitunzwa hudumu miaka mingi, na hakuna haja ya kumwaga mamilioni kwenye seti mpya kabla mtu hajajua kama mchezo utamkaa. Ninacholalamikia ni kwamba nilikuja kwenu nikasema wazi kuwa sijui, nikauliza, mkanijibu, na kwa majibu hayo nikatoa fedha.

Ujumbe wangu wa kwanza bado ninao. Niliwaandikia kuwa mimi ni mwanamke, urefu wangu ni sentimita 158, sijawahi kushika fimbo ya gofu, naanza mafunzo kwenye kiwanja cha gofu cha Lugalo, na bajeti yangu haizidi laki tano. Nikauliza kama nusu seti itanitosha. Kijana wenu akanijibu kwa ujumbe wa sauti kwamba nusu seti "ni ya watoto", na kwamba bila fimbo 14 sitaruhusiwa kuingia kiwanjani. Hapo ndipo laki tano yangu ilipogeuka kuwa laki nane na nusu.

Hilo la fimbo 14 si kweli. Kanuni za gofu zinaweka kikomo cha juu tu: mchezaji asianze raundi akiwa na fimbo zaidi ya 14. Kikomo cha chini hakuna, na ukitaka kuzunguka mashimo yote 18 na fimbo moja, ruksa. Mwalimu wangu alicheka nilipomsimulia. Wanafunzi wake huanza na fimbo saba au nane: haibridi (mchanganyiko wa mbao na aironi) au mbao moja (fimbo yenye kichwa kikubwa) ya kupigia mbali, aironi chache (fimbo za kichwa chembamba cha chuma) kati ya namba 6 na namba 9, weji (aironi yenye uso uliolala sana) ya kupigia karibu, weji ya kutolea mpira mchangani, na pata ya kusukumia mpira shimoni. Basi. Nyingine mtu huongeza baadaye, akishajua mwenyewe pengo lake liko wapi. Kwa hiyo karibu nusu ya mzigo ninaoubeba begani sina kazi nao, ikiwemo aironi namba 2, fimbo ambayo hata wachezaji wazoefu wengi wameshaiacha na kuhamia kwenye haibridi. Anayemuuzia mwanafunzi aironi namba 2 anasafisha stoo yake.

Tuje kwenye aironi nyingine. Mwalimu alizipanga kwenye nyasi, akachukua futikamba. Kwa kawaida kila aironi huwa fupi kuliko iliyoitangulia kwa takriban nusu inchi. Namba 7 ya kiume yenye mpini wa chuma (mpini ni ile fito ndefu inayobeba kichwa) ikiwa na inchi 37, namba 8 huwa kama 36.5, na kuendelea hivyo. Katika seti yenu namba 7 na namba 8 zina urefu mmoja, na namba 9 imeizidi namba 8. Ukizigeuza unaiona sababu. Namba 5, 6 na 7 ni za ukoo mmoja. 8, 9 na weji ni za ukoo mwingine kabisa, hata mwandiko wa namba haufanani. Kwenye namba 9, ile pete nyeusi ya plastiki inayokaa pale kichwa kinapoungana na mpini imepanda juu kama upana wa ukucha, na chini yake kuna gundi ya manjano iliyokauka ikiwa na alama ya kidole cha mtu. Kichwa kile kilichomolewa sehemu moja kikabandikwa sehemu nyingine. Kuunganisha seti si dhambi, ila iuzwe kwa jina hilo na kwa bei yake. Tangazo lenu lilisema "seti moja, mmiliki mmoja".

Kisha mipini. Nimejifunza kuwa mpini huwa na herufi inayoonyesha ugumu wake: L kwa laini inayotengenezwa kwa ajili ya wanawake, R kwa ya kawaida, S kwa ngumu, ya mtu anayezungusha fimbo kwa kasi kubwa. Zangu zote ni S, isipokuwa mbili ambazo stika imekwanguliwa. Mimi wa sentimita 158, mwanafunzi, nimepewa mipini ya mwanaume mwenye nguvu. Mpini wa namna hiyo haupindi mikononi mwangu inavyotakiwa: mpira unatambaa chini ukikimbilia kulia, na mtetemo unanirudia mpaka kwenye kiwiko.

Vichwa vya namba 5, 6 na 7 navyo ni vyembamba, vyenye mgongo bapa, aina wanayoipenda mabingwa kwa sababu wao hupiga katikati karibu kila mara. Anayeanza hupewa vyenye mgongo uliochimbwa, uzito wake umesambazwa pembeni, ili akikosea katikati mpira usimwadhibu sana. Si elimu ya juzi hii. Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyeanzisha kampuni ya Ping huko Marekani, aliuhamishia uzito pembeni kwenye pata yake ya mwaka 1959, na wazo hilo baadaye likaenea kwenye aironi dunia nzima. Anayeuza fimbo hawezi kusema hajalisikia.

Mishikio, ile mipira ya kukamatia juu ya mpini, imekauka na inang'aa kama soli ya ndala iliyokwisha. Hilo nalisamehe, kwa kuwa mpira wa mshikio huchakaa na kuubadilisha ni gharama ya kawaida kwa anayenunua mtumba. Ningeambiwa tu mapema, niiweke kwenye hesabu.

Nisiloweza kulisamehe ni draiva, ile fimbo ya kupigia mbali kuliko zote. Kwanza uso wake umelala nyuzi 8.5 tu, wakati kwa mwanafunzi hupendekezwa 10.5 hadi 12 ili mpira upate kunyanyuka. Hilo lingeitwa uzembe. Lakini kijana wenu alinihakikishia, kwa maandishi, kuwa ni "orijino ya Marekani, kichwa cha titani". Titani haivutwi na sumaku. Nilichukua sumaku inayoshikilia ratiba ya maji kwenye mlango wa friji yangu, nikaiweka usoni mwa draiva, ikang'ang'ania. Picha naambatanisha. Namba ya utambulisho iliyopo shingoni haikuchongwa, imepakwa rangi, na nilipopitisha ukucha tarakimu ya mwisho ikabanduka. Rangi nyekundu ya jina la kampuni huko chini nayo imemwagika nje ya herufi. Ndugu Meneja, hiyo ni feki, na mtu wa kwanza aliyepaswa kuigundua ni yule anayeishika kila siku akiwa kazini.

Kwa haki, pata ni nzuri na mfuko ni mzima, zipu zote zinafanya kazi. Hayo sina neno nayo.

Kijana wenu ameniambia pia kwamba tatizo ni mkono wangu. Mkono wangu ni wa mwanafunzi, na niliwaambia hivyo kabla ya kulipa. Kisha akanionyesha muhuri kwenye risiti: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Risiti yenyewe ni ya kuandikwa kwa mkono, ya EFD, ile ya mashine ya kodi, niliambiwa mashine ina hitilafu, na mpaka leo sijaipata. Muhuri huo hauwasaidii. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Inasema pia kwamba mnunuzi akimweleza mfanyabiashara anaitaka bidhaa kwa kazi gani, akaonyesha kuwa anategemea ujuzi wake, bidhaa hiyo inapaswa kuifaa kazi hiyo. Niliwaeleza, na nilitegemea ujuzi wenu, kwa maandishi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na bidhaa bandia ni miongoni mwa mambo yanayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC).

Naomba moja kati ya mawili. Nirudishiwe Sh 850,000 zote nami nirudishe kila kitu. Au mchukue fimbo zote pamoja na mfuko, mnipe nusu seti inayomfaa mwanamke anayeanza: haibridi, aironi namba 6 hadi 9 za seti moja zenye mgongo uliochimbwa na mipini ya L, weji mbili, na pata ileile niliyonayo, kisha mnirudishie fedha inayozidi. Nikichagua hilo la pili, mwalimu wangu azikague kabla sijazipokea. Katika yote mawili nataka risiti ya EFD, na draiva ile isirudi kwenye rafu kumsubiri mwanafunzi mwingine.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi, nitapeleka malalamiko FCC pamoja na mazungumzo yetu ya WhatsApp, ujumbe wa sauti, picha na risiti yenu ya mkono. Nakala za hivyo vyote nimeziambatanisha hapa ili msiseme hamkuviona.

Fimbo zote 14 zipo nyumbani kama zilivyokuja, isipokuwa ile tarakimu ya draiva iliyobanduka. Sijabadilisha mshikio wala kugusa stika. Naweza kuzileta dukani Jumamosi yoyote kabla ya saa sita mchana. Draiva nitakuja nayo pamoja na sumaku yake.

Wenu,
Mteja, Mbezi Beach