Shangazi ananiita wakili wake, na faili liko mezani kwangu

Ndugu Mhariri na wasomaji wenzangu, naomba ushauri, maana sasa hata usingizi sipati.

Mimi ni wakili wa kujitegemea hapa Tabora. Kwa miaka 14 nimewatetea madaktari na hospitali wanaoshtakiwa kwa uzembe, na kazi hii naipenda kwa dhati. Nimeona daktari mmoja wa zamu akiachiwa wodi nzima usiku, asubuhi anaitwa muuaji. Kipimo tulichorithi kwa Waingereza, kile cha kesi ya Bolam ya mwaka 1957, hakiulizi kama mgonjwa alipona. Kinauliza kama daktari alifanya ambacho wenzake stadi wangekikubali. Mara nyingi alifanya. Lakini zipo kesi nilizoshinda kwa kalenda tu. Ukomo wa madai haya ni miaka 3. Mama akichelewa hata mwezi, naweka pingamizi la awali, kesi inatupwa bila jaji kusikia kilichompata. Hizo hazinitoki.

Mwezi uliopita hospitali moja ya binafsi, mteja wangu wa siku nyingi, iliniletea faili la mzazi. Mume ameanza kudai nakala, wakataka nilisome mapema. Nikaanza na patografu, chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua, kama kawaida yangu. Mapigo ya moyo wa mtoto yameandikwa kila nusu saa hadi saa 4 usiku, tarakimu za haraka haraka, moja imekatwa. Kuanzia hapo hadi alfajiri yamejazwa kwa kalamu nyingine, mwandiko mmoja, yamenyooka kama yamepigwa rula. Mtoto alizaliwa amekufa. Kizazi kilipasuka, kikatolewa. Ndipo nikarudi juu ya faili kusoma jina. Ni binti wa shangazi yangu.

Shangazi huyo alinilea Isevya, akauza karanga hadi nikamaliza shule. Wiki hiyohiyo akanipigia: "Mwanangu, wakili wetu ni wewe. Tuambie tu, ni uzembe au ni kazi ya Mungu?" Nikamjibu nitampigia. Sijapiga.

Kuwasimamia siwezi, nimeshaona siri za mteja. Hospitali nayo nimeiandikia kwamba najitoa, na kwamba karatasi ile isiguswe. Je, nikilirudisha faili, itabaki ilivyo? Na tangu usiku ule imepita miaka 2 na miezi 7. Imebaki miezi 5.

Wakili mwenzangu anasema niwaambie neno moja: mimi siwezi, muoneni mwingine leo. Kwa kanuni zetu nadhani yuko sawa. Ila wao watadhani nimewakataa kwa ajili ya pesa za hospitali, watakata tamaa, na miezi itakwisha. Nikiongeza neno "haraka", nitakuwa nimeshatoa siri?

Jumamosi wanakuja, shangazi na binti yake. Wakishakaa, niseme nini?

Wakili, Tabora