Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wanachama wenzangu, assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Hesabu za fedha namwachia mhazini. Nakala mnazo mikononi. Mimi nitazungumzia kazi iliyotushughulisha zaidi mwaka huu: michezo ya kuwazoesha wanafunzi maktaba za shule zao.

Tulikofika, vitabu hupangwa kwa utaratibu wa Melvil Dewey, mkutubi Mmarekani, wa tangu 1876, ambao huipa kila mada nambari yake na una mafungu makuu 10, kuanzia 000 hadi 900. Mafungu hayo watoto huyashika upesi. Kinachowatatiza ni nukta. Mpe mtoto kadi ya 796.42, riadha, na ya 796.334, kandanda, ataitanguliza riadha, maana 334 anaiona kubwa kuliko 42. Ndiyo sababu tunaanza na mchezo wa kujipanga: kila mmoja kadi kifuani, wapange foleni kwa nambari bila kutoa sauti. Hubishana kwa vidole na macho mpaka mmoja agundue kuwa baada ya nukta tarakimu husomwa moja moja, na 3 hutangulia 4. Walimu wa hesabu nao wameanza kuja kuchungulia.

Mchezo wa pili ni msako wa vitendawili. "Nyumba yangu haina mlango." Yai! Basi mbio hadi 636.5, ufugaji wa kuku. Wapo waliokimbilia 598, kwenye ndege, nami nikawatetea: yai la kunguru nalo si yai? Na kunguru Mombasa hatuna uhaba nao.

Kanuni moja kamati imeibadilisha. Alama za kuwahi zilifanya vitabu vichomekwe popote. Sasa kundi hupata alama kitabu kikirudi mahali pake, na wakaguzi ni wapinzani wao, ambao hawana huruma hata kidogo. Wakutubi wamefurahi kuliko watoto.

Kero imebaki moja. Kipindi cha maktaba kimo kwenye ratiba, lakini mara nyingi huliwa na marudio ya mitihani. Wazazi mlio kwenye bodi za shule, lisemeeni jambo hili. Sisi wa nje hatusikizwi.

Mwakani tunakusudia kuvuka Likoni. Kadi za manila zimechakaa kwa jasho la kaskazi, zitaandikwa upya. Wa kujitolea wampe katibu majina kabla hatujaingia kwenye uchaguzi, na anayetoka kisiwani ahesabu na foleni ya feri, kwa kuwa tutaanza asubuhi saa mbili.